Nilifunga Mkanda Kama Mlivyoagiza

Ndugu Mhariri,

Mpaka juzi nilikuwa naliamini gazeti lako kuliko daktari wangu. Leo nakuandikia kumlalamikia yule bingwa wenu wa safu ya magari, ambaye nina hakika gari ameliona kwenye picha tu.

Mke wangu alikuwa hospitali, anajifungua mtoto wetu wa kwanza. Nikampakia mama mkwe kwenye gari langu la porini, lile majirani wanalolionea kijicho, nikapita njia ya mkato. Tukanasa kwenye tope hadi milangoni. Sikubabaika, maana asubuhi ile nilikuwa nimemsoma bingwa wenu: gari likinasa, funga mkanda imara, kisha uvutwe. Nikafunga. Nikamwomba na mama mkwe, kwa heshima zote, naye afunge. Tukasubiri kuvutwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bingwa aliagiza tuchague mkanda unaonyumbulika, usio na nyuzi zilizochomoka. Nikaukagua wangu. Ukiuvuta unakuja, ukiuachia unarudi. Hapo kosa langu liko wapi?

2. Aliagiza uwe na uwezo wa kuhimili uzito mara mbili ya gari. Hili lilinitatiza kidogo, ila tumbo langu limeujaribu mkanda ule miaka mingi na haujakatika.

3. Aliagiza watu wote wakae mbali. Wakaja wakulima wenye nguvu zao, na majembe, tena bila kuitwa. Nikawafukuza kupitia dirishani. Waliondoka wakitazamana.

4. Aliagiza tusitumie mnyororo, kwamba ukikatika unaua. Akasimama dereva wa lori na mnyororo wake. Nikamhutubia juu ya usalama mpaka akaenda zake.

5. Mama mkwe naye hakunisaidia. Kila mara ananyoosha kidole miguuni kwake, "Baba, hebu angalia hapa chini." Nilijua analalamikia viatu. Nikamwambia, "Mama, mambo ya magari tuachie wenye magari." Akageukia dirishani.

6. Jua limeshaanza kushuka, akaja dereva wa trekta. "Mkanda uko wapi, bosi?" Nikajipiga kifua: "Huu hapa, nimeufunga tangu asubuhi." Mhariri, mtu yule alishuka akakaa kwenye tope lile lile, akacheka hadi machozi. Kisha akatoa wake, akaufunga kati ya gari na trekta, tukatoka kwa mvuto mmoja. Kumbe ndio huo! Sasa kwa nini usiitwe kamba? Lugha yetu imeishiwa kamba?

Tulipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, ameoga, amelala. Mke wangu akasimuliwa yote na mama yake. Amehamia kwa mama yake pamoja na mwanangu, na nimeambiwa nisikanyage pale mpaka niombe radhi. Mimi? Mwanangu sijampakata hata mara moja, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa hiyo gazeti likiri kosa ukurasa wa kwanza, nikawaoneshe wakwe. Bingwa afukuzwe. Na neno mkanda lipigwe marufuku, libaki la suruali.

Wasalimie wote hapo ofisini, mpiga chapa, na muuza magazeti wa pale kona, ambaye hana hatia. Bingwa usimsalimie.

Wako aliyenaswa na maandishi yenu,
Mwenye Gari

Tanbihi: Leo nimeosha gari. Pale mama mkwe alipoweka miguu nimekuta karatasi ya safu ile ile, niliyomtandikia mwenyewe asinichafulie zulia. Upande ambao sikuusoma una picha kubwa: magari mawili, mkanda katikati, umefungwa ndoano kwa ndoano, na mshale mwekundu. Upande huo ndio uliokuwa juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimefunga mkanda. Barua hii usiichapishe. Nakwenda ukweni kuomba radhi, kwa miguu.