Udaktari wa Dobi

Siku Profesa alipogundua kwamba matajiri nao huumia, alikuwa amesimama kwenye kaunta ya dobi akibishania kifungo. Gari refu lilisimama nje, kioo kikashuka kidogo, na mama mmoja mwenye miwani ya jua akamwita mwenye duka, bwana aliyekuwa na matawi kila pembe ya mji na tumbo la kuyatosha yote: "Wee dobi, mapazia yangu vipi?" Tajiri akaitika kwa tabasamu. Gari lilipoondoka, tabasamu likabaki limening'inia kama shati lililosahauliwa kambani. Profesa akaachana na habari ya kifungo.

Profesa hakuwahi kufundisha popote, tuelewane. Jina hilo alijipa mwenyewe, kama wakubwa wengi walivyojipa yao.

Wiki haijaisha, alikuwa kwenye kochi la ofisini akinywa soda ya tajiri na kumweleza juu ya chuo kikuu cha ng'ambo kinachotunuku udaktari wa heshima kwa watu walioinua wanyonge. Chansela mwenyewe, mkuu wa chuo, angesafiri kuja kumvika kofia ya udaktari katika ukumbi wa hoteli. Mchango wa chuo ungekabidhiwa palepale, taslimu, maana wasomi wa kiwango kile hawapendi mambo ya benki. Tajiri aliuliza jambo moja tu: kama wakwe zake wangeweza kukaa mstari wa mbele. Wakwe hao, tangu harusi, walimtambulisha kwa wageni kama "yule anayetufulia".

Kilichobaki kilikuwa Chansela. Waigizaji wana midomo, siri ingevuja. Profesa akazunguka nyuma ya jengo, kwenye mvuke, wanawake wanakopiga pasi kutwa wamesimama, akachagua mmoja mwenye shingo ndefu na mwendo usio na haraka. Akamvuta mlangoni, akamweleza mpango wote huku macho yake yakichunga barabara.

"Atanijua," mama wa pasi akasema. "Namsalimia kila asubuhi."

"Aliwahi kuitikia akikutazama?"

Mama akakumbuka mwaka aliofiwa na mumewe. Tajiri alishuka na bahasha ya rambirambi, akampa pole kwa huzuni kubwa mwanamke wa meza ya jirani, kisha akapanda zake juu. Watu kama hao husema yaliyopita yamepita. Yamepita kwao.

"Joho la Chansela usihangaike nalo," akasema. "Lipo la jaji, limeletwa jana. Nimelinyoosha mwenyewe."

Wakakubaliana: apokee mkoba wa pesa za mchango, atokee jikoni mwa hoteli, wakutane nyuma ya kituo cha mafuta. Mgawo wake, Profesa aliahidi, ungekuwa wa kuridhisha. Mama alipouliza wa kumridhisha nani, Profesa alicheka na kumpapasa bega kama mtu anayepima ubora wa kitambaa.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Profesa alihutubia kwa maneno marefu ambayo hata yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Tajiri akapiga magoti. Chansela, ndani ya joho la jaji na miwani ya kuazima, alikuwa ameagizwa asifungue kinywa. Akainua kofia ya udaktari, akaishikilia hewani.

"Kabla sijakuvika," akasema taratibu, "chuo kinataka umtaje mfanyakazi wako mmoja. Mmoja tu, kwa jina."

Jasho la Profesa likashuka mpaka soksi. Tajiri akatazama zulia, akatazama dari, akawatazama wakwe.

"Mheshimiwa," akasema, "kwangu mimi wote ni wanangu. Mzazi hachagui."

Makofi yakatikisa ukumbi. Mama mkwe akapangusa jicho. Chansela akamvika kofia, akaikandamiza mpaka masikioni, akapokea mkoba, akapitia jikoni.

Nyuma ya kituo cha mafuta hakutokea mtu. Profesa alingoja mpaka viatu vikambana.

Kesho yake aliingia kwenye chumba cha pasi akifuka kuliko mashine. Wanawake walikuwa kwenye meza zao, aproni za rangi moja, kola zimepanda shingoni, vitambaa vimeshuka hadi kwenye nyusi. Sare hiyo aliibuni tajiri, ili apendezwe na usawa. Profesa akamwulizia mama wa pasi.

"Sote hapa ni mama wa pasi, kaka yangu," mmoja akajibu. "Unamtaka yupi?"

Jina hakuwahi kuliuliza. Shingo aliikumbuka, lakini shingo zilikuwa ndani ya kola. Mwendo aliukumbuka, lakini hakuna aliyekuwa akitembea. Alipoutafuta uso kichwani mwake, akakuta barabara. Polisi nao angewaambia nini? Mkoba ulikwisha kugawanywa alfajiri, meza kwa meza, kila mtu sawa na mwenzake, hesabu ambayo hakuna chuo kinachoitunukia udaktari.

Akamshika mmoja mkono, akasema ni wewe. Yule akamwambia, kwa upole wote, kwamba yeye ni mjukuu wa mtu mwingine kabisa. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Hapo tajiri akateremka ngazi, kofia bado kichwani, akamkumbatia Profesa. Hakulala kwa furaha, alisema. Baba mkwe kamwita Daktari, tena mbele ya wageni. Sasa alitaka Chansela arudi, aje awaone wanawe kazini.

"Mama yule ana uso wa heshima," akasema, akijisogeza kwenye meza iliyo karibu. "Hata nikutane naye uzeeni, katikati ya soko, namjua."

"Samahani, wazee wangu," akasema taratibu mwanamke wa meza ile, shingo ndefu ndani ya kola, pasi mkononi. "Mmekanyaga waya wangu."

Wakasogea, Daktari kulia, Profesa kushoto akiendelea kuchungulia meza za mbali.