Betri Zako Zimeniposea Mke

Amman, Jumatatu

Kwa Fundi Nawwaf,
Karakana ya Pikipiki, Marka.

Binamu mpendwa,

Amani iwe juu yako. Natumai mgongo wako umepona. Wangu bado, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utakumbuka nilikuletea pikipiki yangu ya umeme, ile ya kwendea shule kufundisha fizikia, nikakuomba uigeuze iwe ya safari ndefu ili niwahi Akaba kwa binti yangu Areej, kwenye karamu ya akika ya mjukuu wangu wa kwanza. Ukaifungia betri nne za gari lililopinduka, masanduku mawili ya bati na kioo cha kukinga upepo. Ukaapa kwa ndevu zako: "Mwalimu, utachaji mara moja tu, tena kwa ajili ya kupumzisha makalio." Nimechaji mara tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeme uliniishia Katrana, mbele ya nyumba ya Abu Sayil. Nikakaribishwa ndani kabla sijavua kofia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, maana kioo chako kinakinga kidevu tu, kwa hiyo kikombe cha kahawa nikakiweka chini bila kuonja. Wewe mwenyewe wajua maana yake kwetu: mgeni ana ombi zito, na hanywi mpaka akubaliwe. Mzee wa watu hakutaka hata kulisikia. "Kunywa kahawa yako, ulichojia umepata!" Akaangaza macho huku na huku akitafuta nilichojia, akanipa kondoo. Mzima, mwenye miguu minne. Ningemkataa ningemtukana mwenyeji. Plagi nikapewa baadaye, kama nyongeza.

2. Kondoo ana kilo hamsini. Sina haja ya kukueleza kilo hamsini zinafanya nini kwa betri. Badala ya Maan nikaishia Hasa, kwa Abu Hazaa. Safari hii kikombe nilikishika kwa mikono miwili, Mungu ni shahidi. Kondoo akachomoka sandukuni, nikakiweka chini nimkimbilie. Niliporudi, mwenyeji analia. Alidhani nimetumwa kumpatanisha na jirani aliyegombana naye kwa ajili ya kisima, miaka tisa sasa. "Kwa heshima yako nimemsamehe, punda yule!" Jirani akaitwa, wakakumbatiana, wali wa nyama, mansaf, ukapikwa, nami nikakalishwa katikati nikilishwa minofu mpaka saa tisa. Pikipiki ilikuja kukumbukwa mwisho kabisa.

3. Nilipofika Maan nikasema liwalo na liwe, nitaomba kama mtu mzima. Nikaweka kikombe chini makusudi mbele ya Abu Dughaym, nikamwambia, "Bwana, nimetoka Amman, nina haja." Kabla sijataja plagi, akanidakiza: "Kunywa, mwalimu! Dada yangu Wadha ni mjane, nawe naona huna mtu. Akiridhia mwenyewe, ni wako." Nawwaf! Nilitaka umeme wa saa tatu! Huyo Wadha akachungulia dirishani, akaitazama kazi ya mikono yako, akauliza, "Hii ni pikipiki au kabati la vyombo?" Kisha akasema ameridhia. Nikanywa. Ningefanyaje?

4. Nilifika Akaba akika imekwisha. Nina kondoo, nina mchumba. Areej hajui acheke au alie.

Kwa hiyo nadai uniongezee betri nne kabla ya Ijumaa, siku ninayotarajiwa Maan pamoja na wazee wa ukoo, ili nikirudi Akaba kumwona mjukuu nipite mji ule moja kwa moja bila kusimama. Ukichelewa nitaoa, na aliyenioza utakuwa wewe. Nimeishi mgane miaka sita kwa amani, na amani yangu naitaka.

Nisalimie shangazi, wanao wote, na yule paka wa karakana anayelala juu ya jenereta.

Ni mimi binamu yako mwenye maumivu,
Mwalimu Hikmat

N.B. Kuna jambo sikuliandika. Kule Maan, wakati sisi wanaume tunapongezana, pikipiki ilikuwa inachajiwa. Sikuomba. Wadha ndiye aliyevuta waya kutoka jikoni, akamnywesha kondoo, kisha akaniuliza kama nimekula. Tangu mama Areej afariki hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikajibu sijala, na mansaf ya watu imenijaa mpaka kooni. Basi betri usiongeze. Toa mbili, umeme unifikishe mlangoni kwake na usizidi hapo. Ijumaa njoo na wazee, na kikombe chako ukiweke chini makusudi.