Mawe ya Mizani ya Marehemu Baba

Bediako alipomwona Maame Dufie, tajiri wa vitambaa pale sokoni Kumasi, akimlipa mzee mmoja kitita cha noti kwa ndege wa shaba asiyezidi kidole gumba, mate yalimjaa mdomoni. Kumbe mama ananunua mawe ya mizani! Yale ya zamani, ya kupimia vumbi la dhahabu, kila moja na msemo wake.

Siku hiyohiyo Bediako aliuza friji yake, mali pekee iliyombakia, hela akampa fundi wa kuyeyusha shaba. Mawe arobaini yakatoka yanang'aa kama meno ya bwana harusi. Akayazika wiki mbili kwenye tope lenye ndimu na majivu, yakafufuka yana umri wa miaka mia mbili.

Akayabeba kwenye mfuko wa ngozi, uso ameuvisha msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa tena?"

"Baba, mama. Haya ndiyo aliyoniachia." Chozi likamtoka, moja tu, jicho la kulia. Chozi hilo lilishauza vingi kwa watalii. Wageni wanapenda sana habari za baba.

Maame Dufie akachomoa jiwe moja, mamba wawili wa shaba wenye tumbo moja, akawageuzageuza. "Hawa wanasemaje?"

Bediako akaumwaga msemo wao wote. Mama akamsahihisha neno moja, kisha akauliza polepole, "Baba yako, siyo mjomba?"

Hapo Bediako akaliona shimo, na mguu ulishaingia. Kwa Waasante, mfuko kama ule huenda kwa watoto wa dada wa marehemu. Mtoto wa kumzaa anaambulia kuutazama.

"Jamani!" Mama akapaza sauti, soko zima likageuka. "Huyu kawaibia binamu zake mfuko wa ukoo! Marehemu hata hajapoa!"

"Mama, punguza sauti..."

"Au si ya zamani? Umeyatengeneza? Sema, polisi yule pale."

Bediako alipiga hesabu ya haraka. Mwizi wa ukoo huomba radhi. Tapeli hulala ndani.

"Ni ya ukoo, mama."

"Basi yanabaki kwangu mpaka wenyewe waje. Na chupa mbili za pombe ya jini za kuwapoza wazee wa ukoo, kaniletee sasa hivi."

Alizileta, peku, viatu vilibaki kwa muuza jini. Maame Dufie akazipokea kwa adabu zote, halafu akamsogelea sikioni.

"Safari nyingine mwambie fundi wako amnenepeshe mamba kidogo. Na wewe punguza ndimu. Watalii wangu wana pua."