Birika Chini ya Boneti

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Handeni.

Siku ya kumi na moja bila Rukaya. Chakula cha usiku: mkate na chai ya asubuhi. Aibu ninayo, lakini naikiri humu tu. Tulikuwa harusini Korogwe. Njiani moshi wa oili uliingia ndani ya gari, dera lake jipya likanuka kama gereji, mashangazi wakaanza kuulizana harufu inatoka wapi. Nikasema ni mafuta anayopaka mke wangu kichwani. Sijui nani alinituma. Rukaya alipanda basi akaenda kwa mama yake Mazinde, na simu zangu hapokei.

Baba mkubwa Sadala amekubali kunisindikiza Jumamosi kwenda kuomba radhi. Bila mzee wa kunisemea ukweni sina pa kuanzia. Sharti lake moja: magoti yake hayawezi tena basi. Nimemwambia asijali, gari ni zima kabisa.

Gari si zima.

Jumanne, 9 Septemba.

Kwa fundi Lukasi. Alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ukamjaa usoni. Akasema pete za pistoni zimekwisha, injini inapumua oili, dawa ni kuishusha yote. Nikamuuliza kama itakuwa tayari Jumamosi. Akaendelea kunawa mikono.

Lakini nimeona kwenye simu jinsi wenzetu wanavyofanya. Unachukua ule mpira ambao injini inapumulia, unaupitisha kwenye kopo lililofungwa vizuri. Oili inabaki kwenye kopo, hewa inarudi kwenye injini, moshi kwisha. Makopo hayo yanauzwa Dar. Mimi nitatengeneza langu. Lukasi amesema kopo haliponyi injini, linafuta kamasi tu. Wivu wa kazi huo.

Jumatano, 10 Septemba.

Kopo la maziwa ya unga: gundi imeachia. Kopo la rangi: kutu, limetoboka. Nilikaa juu ya tairi nikitaka kulia, ndipo nikaliona birika.

Ni birika la alumini linalokaa kwenye buti, la kujazia maji ya rejeta. Lilibaki humo mwaka jana nilipobeba vyombo vya hitma ya babu yake Rukaya. Lina nukta mbili nyekundu chini, alama ya mwenyewe, maana vyombo vya shughuli huchanganyika. Nilinuia kuuliza ni la nani. Nimekuwa nikinuia mwaka mzima.

Birika hili lilizaliwa kwa kazi hii! Mdomo wake unaingia kwenye mpira barabara. Nimetoboa kifuniko kwa mpira wa pili, nikakigandisha kwa gundi ya chuma, ndani nikaweka stilwaya ya kusugulia masufuria ili inase oili. Alama iko chini, nani atainama huko?

Ijumaa, 12 Septemba.

Nimeendesha hadi nusu ya njia ya Kwamsisi na kurudi. Hakuna moshi. Nimepita mbele ya gereji ya Lukasi mara tatu, polepole.

Shemeji yangu Muhsin, kaka yake Rukaya, ametuma ujumbe kwamba anaweza kuja na gari lake kumchukua mzee. Mtu huyu hufuta tairi kwa kitambaa. Nimemjibu kwamba hapa Handeni magari yapo. Kisha nikashindilia stilwaya nyingine tatu ndani ya birika, kwa uhakika zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba. Mazinde.

Naandika nikiwa nyuma ya banda la kuku. Hapa ndipo nilipostahili kukaa.

Korogwe tulipita salama. Mombo tulisimama, baba mkubwa akala ndizi za kuchoma, akanisifia gari. Tukaingia uwanja wa wakwe. Mikeka imetandikwa, wazee wamekaa, Rukaya yuko mlangoni na mama yake, Bi Shamsia. Nikazima injini. Haikuzimika vizuri. Stilwaya zile zilikuwa zimeziba njia ya hewa, pumzi ya injini ikakosa pa kutokea, na stiki ya kupimia oili ikachomoka na kugonga boneti. Oili ikamwagika juu ya chuma cha moto. Baba mkubwa alishuka ndani ya wingu jeusi, kanzu yake ina madoa hadi kwapani.

Nikasema ni vumbi. Muhsin akasema vumbi gani linachuruzika, akafungua boneti. Nilimsihi asifungue. Nilimshika hata mkono.

Kila mtu akaliona birika. Watoto walicheka kwanza. Muhsin akalifungua mipira, akalipindua ili oili imwagike, na nukta mbili nyekundu zikatazama juu.

Bi Shamsia akasema hilo ni lake.

Hilo ningelivumilia. Sikujua lililobaki. Baada ya hitma ile alimtuhumu jirani yake, Bi Fatu, mbele ya wanawake wote wa kikundi, kwamba ameiba birika. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Mwaka mzima, nyumba kwa nyumba. Rukaya alijifunika uso kwa kanga, sikujua kama analia au anacheka. Mimi mkwe, ambaye hata macho simwinulii mama huyu, nilipiga magoti nikampa birika lake kwa mikono miwili, likidondosha oili kwenye mkeka.

Baba mkubwa, mzee wangu wa kunisemea, alisema hana la kunisemea. Akahamia upande wao.

Jumapili, 14 Septemba. Mazinde.

Hukumu: nisugue birika, nilipeleke mwenyewe kwa Bi Fatu, nieleze yote. Nimesugua tangu alfajiri. Harufu haitoki.

Bi Fatu alinisikiliza amesimama. Akasema Bi Shamsia alipolazwa mwezi wa tatu, yeye hakwenda kumjulia hali kwa sababu ya birika hili. Akaniuliza kitu kimoja: kuuliza ni la nani kungenigharimu nini. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Baadaye nilimwona Bi Shamsia akivuka uwanja kwenda kwake bila viatu, na wakakaa ndani muda mrefu.

Jioni Rukaya alikuja. Amesema amenisamehe la harusini, ila sharti lake ni moja: gari hili hapandi. Jumatano atashuka stendi ya Korogwe saa nane mchana. Nimpokee hapo, niwe nimekuja kwa basi, turudi nyumbani kwa basi kama watu. Nimeapa mbele ya mama yake. Nimelia kidogo. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Jumatano, 17 Septemba. Kando ya barabara, Sindeni.

Nilikuwa naenda kupanda basi. Kweli kabisa. Lakini asubuhi nilitazama chupa ya chai, ile ya chuma nje na ndani, nikaona mdomo wake ni saizi ya mpira. Stilwaya safari hii nimeweka moja tu. Nikafikiri Rukaya akiona gari halitoi moshi atafurahi mwenyewe.

Saa tisa kasoro. Boneti iko wazi, kifuniko cha chupa kimerukia kwenye shamba la mihogo, oili yote iko barabarani. Naona haya hata kwa mbuzi wanaopita.

Rukaya amepiga simu. Yuko stendi na mabegi yake, haoni mtu. Amesema basi la kurudi Mombo linaita abiria, na akilipanda hili hatarudi tena Handeni, niko wapi?

Nimemwambia nimeshafika, niko hapo hapo stendi, atazame vizuri upande wa mabasi ya Arusha.

Amesema anatazama.