Mlango Kutoka Matulo

Jumatatu, 3 Novemba

Mahindi yako kitandani. Sitanii. Gunia zima limelala upande wangu. Sebuleni hakuna pa kukanyaga, na mvua ya Kitale mwaka huu haina adabu. Wacera amesema yasipopata stoo kufikia Jumamosi, atampigia kaka yake Gathogo ayabebe mpaka kwake Kiminini. Nikamwambia vizuri, ayabebe. Akasema basi na yeye atayafuata mahindi yake, maana ndiye aliyeyalima. Mke wangu huyo! Na Gathogo ana stoo ya mawe na mdomo mrefu. Atanitangaza ukoo mzima.

Lakini mimi, Gikonyo, silali. Kwa nini ninunue mbao mpya wakati nchi imejaa mbao zilizokwisha kukatwa? Nimepiga simu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimetoka Matulo, kule Bungoma, pikapu imejaa mpaka juu! Nyumba ya marehemu mzee Jotham. Udongo umeanguka, lakini mabati, mbao, nguzo na mlango viko imara. Mwanawe Wangila ameniuzia kwa bei ya kutupa. Hakushika hata msumari. Alisimama barabarani akitazama upande mwingine wakati mimi nang'oa. Mlango ulipotoka aliniomba jambo moja: nisiingie kamwe bila kubisha hodi, kwa sababu baba yake hakupenda kuingiliwa. Nimekubali. Mtu habishani na muuzaji kabla ya kupakia.

Jambo dogo: mlango ulikuwa na joto upande wa ndani. Ni jua, nadhani. Ingawa kulikuwa na mawingu.

Alhamisi, 6 Novemba

Stoo imesimama! Peke yangu, bila fundi. Nimeiweka juu ya mawe ili unyevu usipande. Imeinama kidogo kuelekea kwa Nakhumicha, jirani yetu aliyetoka Bungoma, lakini kuinama ni heshima. Alichungulia juu ya ua, akauliza mbao ni za wapi. Nilipomwambia, akaanza kuanua nguo zake zikiwa bado zinadondoka maji.

"Baba Wamboi, kwetu nyumba ya mzee haing'olewi na mtu wa nje," akaniambia. "Si inaachwa tu ianguke yenyewe, bana."

Nikamjibu kwamba ilikuwa inaanguka, mimi nimeisaidia tu. Hakucheka. Watu wa hapa Tuwan hawapendi maendeleo.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nimeingiza magunia yote. Wacera alitabasamu! Saa sita mchana nikarudi kuchukua jembe. Niliingia moja kwa moja. Kwangu mwenyewe, hodi ya nini? Ndani kulinukia moshi. Sakafu imefagiwa. Magunia yamesogezwa ukutani, na katikati kuna hindi la kuchoma, limeliwa nusu. Nimeligusa. Bado la moto!

Gathogo. Nani mwingine? Anataka nishindwe amchukue dada yake. Nimemwaga unga mlangoni ili nipate nyayo zake, nikafunga kwa kufuli. Jioni nimezikuta: miguu mitupu ya mtu mmoja, ikitoka. Za kuingia hakuna. Kufuli bado imefungwa. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Lazima aliingia kinyumenyume, mjanja yule. Jinsi alivyotoka ndiyo sijaelewa.

Jumamosi, 8 Novemba

Gathogo amekuja na tepu ya kupimia. Alianza kucheka kabla hata hajashuka kwenye gari. Akauliza kama stoo yangu imelewa. Ili kumwonyesha Wacera jinsi mbao zilivyochoka, akagonga mlango kwa kidole, akasema kwa dhihaka, "Hodi humu!"

"Karibu," mtu akajibu ndani. Sauti ya mzee, ya polepole, ya mtu aliyeketi.

Gathogo akanitazama. Nikamtazama. Nikasema ni redio. Shemeji ameondoka na kiatu kimoja, kingine kiko kwenye matope mpaka sasa. Ushindi! Nilishangilia, nikiwa nyuma ya pikapu.

Wacera hakukimbia. Alitia chai kikombeni, akabisha hodi, akaingia, akaketi. Mimi nilibaki uani nikimsikia akizungumza na mtu, kwa upole, jinsi anavyozungumza na baba yake. Alitoka na kikombe kitupu na macho mekundu. Amesema mzee anataka kurudi kwake. Asiporudishwa kesho, yeye Wacera ataondoka. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: lililoniogopesha zaidi ni hilo la pili.

Jumapili, 9 Novemba

Tulipotoka kanisani nikayafunika magunia uani kwa turubai, nikaibomoa stoo. Nimerudisha kila ubao Matulo. Safari hii Wangila alishika mbao, tena alitangulia. Tukasimamisha mlango mahali ulipokuwa, bila ukuta huku wala huku. Akabisha hodi. Akabisha tena, akaita baba, akalia mbele yangu, mtu mzima. Nilitaka kumwambia kwamba mbao ni mbao tu. Ndipo komeo likaanza kusogea, polepole, upande wa ndani, ambako sasa hakuna nyumba.

Nilikuwa kwenye pikapu kabla mlango haujafunguka.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilichelewa kurudi. Mvua ilinyesha jana jioni, turubai likapeperuka, na leo asubuhi Gathogo ametuma lori. Wacera ameyafuata mahindi yake kama alivyosema. Hakugomba. Afadhali angegomba. Atarudi siku nitakapokuwa na stoo inayoeleweka. Nyumba iko kimya, na kitanda ni kikubwa mno bila yeye. Namtaka mke wangu. Sina la kuongeza hapo.

Basi nimeketi, nimejichunguza, nimekiri kosa. Nilinunua kitu kilichotumika! Vitu vya watu huja na watu wao. Kuanzia leo, vipya tu.

Na Mungu si Athumani! Nyongesa, seremala wa karibu na hospitali, ana sanduku kubwa la mbao safi, limepigwa vanishi, kifuniko kinakaa barabara, panya hapenyi ng'o. Ni jeneza, ndiyo, lakini halijatumika hata siku moja. Mgonjwa alipona, jamaa zake hawakurudi kulichukua. Nimelala ndani ili kupima. Mahindi yataenea, maana mimi mwenyewe nimeenea sawasawa, kuanzia utosi hadi kidole gumba. Halikubana wala halikulegea. Kulikuwa na joto zuri mle.

Nyongesa ameniachia kwa bei ya kutupa kwa sababu jina limeshachongwa kwenye kifuniko na wateja wote wanalikataa. Wajinga! Jina lenyewe ni Gikonyo. Sanduku linaletwa kesho, na Wacera akirudi hatakuwa na haja ya kuuliza stoo ni ya nani.