Sehemu Nne za Pafu la Kulia

Jumatatu, 4 Mei 2009

Mitihani ya muhula imebaki wiki moja. Masomo tisa. Nimeyahesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Ukifeli moja unapata sapu, unarudia. Ukifeli matatu unadisko, unafunga godoro na kwenda kwenu. Kwetu ni hapa hapa Tunduma, safari si ndefu. Shida ni mama. Ameshawaambia wateja wake wote wa vitenge kwamba mwanawe Nikodemo ni daktari. Jana mmoja alimwonyesha goti, akaomba nitumiwe habari zake.

Leo nimepata mpango. Watu watatu, kila mmoja masomo matatu. Unasoma yako, unaandika muhtasari, Jumapili tunabadilishana. Nimemchagua Leah kwa sababu anaongoza darasa, na Mhoja kwa sababu tunalala chumba kimoja. Mhoja alikubali kabla sijamaliza kueleza. Leah aliuliza mpango huu una ubaya gani. Nikasema hauna. Akakubali. Hata yeye ana masomo tisa.

Nimechukua huduma ya kwanza, maadili ya kazi na anatomia. Anatomia ina picha.

Jumanne, 5 Mei

Maktaba ya chuo ina kitabu kimoja tu cha anatomia. Ninacho mimi. Sura ya mapafu haikufundishwa, mwalimu wetu Daktari Tulinagwe alikuwa semina Mbeya, akaagiza tujisomee. Kurasa arobaini na moja. Nimeanza na moyo kwanza.

Nimekwama ukurasa wa pili. Kitabu kinasema damu ikishatoka kwenye moyo hairudi nyuma, kwa sababu ya vali. Sawa. Lakini vali inajuaje wakati wa kufunga? Nani anaiambia? Nimesoma sentensi hiyo mara sita. Mhoja akasema niendelee mbele. Siwezi kuendelea mbele wakati kuna mlango unafungwa na sijui nani anaufunga.

Halafu likanijia wazo. Kwa nini nisome habari za moyo wakati mioyo ipo?

Jumatano, 6 Mei

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Ezron, mwenye bucha ya kitimoto, nyama ya nguruwe, karibu na barabara ya mpakani. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Alikuwa anawasalimia Wazambia wawili, mulishani, mulishani, huku akikata mbavu bila kuzitazama. Akauliza nataka moyo wa kula au wa kusoma. Nikasema wa kusoma. Akaniambia nifunge aproni.

Alikata sehemu ya juu ya moyo, akamimina maji ndani kwa kikombe, akaukamua taratibu. Vijipazia vitatu vyembamba vya ile vali vikapanda vyenyewe na kukutana katikati. Maji hayakurudi.

Nikauliza nani amevifunga.

"Maji yenyewe," alisema Mzee Ezron. "Yakitaka kurudi, yanajifungia mlango."

Nilimwomba arudie. Akarudia mara nane. Wazambia nao wakasogea kutazama. Mmoja akauliza kama na wa kwake uko hivyo, akaweka mkono kifuani.

Sijagusa huduma ya kwanza.

Alhamisi, 7 Mei

Leo mapafu. Mzee Ezron alichomeka pampu ya baiskeli kwenye koo la hewa, akaniambia nipampu. Mapafu yalikuwa mekundu meusi, yamesinyaa kama soksi zilizolowa. Nikapampu. Yakaanza kupauka, yakawa ya waridi, yakavimba mpaka yakajaa meza. Nikaachia. Yakashuka yenyewe, na hewa ikatoka kwa sauti kama mtu anayechoka. Sikutegemea sauti ile. Nikajikuta nimeacha kupumua ili nisikilize.

Nilihesabu sehemu zake kwa kidole. Kushoto mbili. Kulia nne. Nikahesabu tena. Nne. Nimeandika kwenye muhtasari na kupigia mstari. Kurasa arobaini na moja nimezimaliza kwa nusu saa. Kitabu nakitumia kama mto.

Jumapili, 10 Mei

Tumebadilishana. Muhtasari wa Leah ni karatasi thelathini, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Wa Mhoja ni karatasi sita, lakini kila kitu anacho kichwani. Wangu una michoro. Leah alisifu mchoro wa vali. Akauliza nimeutoa kitabu gani. Nikasema nimechunguza mwenyewe. Sikuongeza neno. Leah ni Msabato, jana kutwa alikuwa kanisani, na nyama ya Mzee Ezron kwao haikanyagi hata kizingiti cha jikoni.

Akaomba kitabu ahakikishe mambo mawili matatu. Nikamwambia hakuna haja, kila kitu nimekihesabu.

Jumatatu, 11 Mei

Mtihani wa anatomia. Swali la nne: taja sehemu za pafu la kulia na la kushoto. Nilikaribia kucheka. Nimemaliza wa kwanza ukumbi mzima.

Alhamisi, 14 Mei

Tumeitwa ofisini kwa Daktari Tulinagwe, sisi watatu. Karatasi zetu zilikuwa mezani, zimepangwa sambamba.

Alisema wanafunzi hamsini na wanane wameandika pafu la kulia lina sehemu tatu, au wameacha wazi. Watatu wameandika nne. Watatu hao hao wamechora ya nne mahali pale pale, imejificha chini ya moyo. Alisema hiyo ni kunakiliana, na wanaonakiliana wanaondoka wote watatu kabla ya Ijumaa kuisha.

Mhoja alisogea karibu na mlango. Leah angeweza kusema ni muhtasari wangu. Hakusema. Aliweka mikono magotini, nikaona vidole vyake bado vina wino mwekundu.

Nilikuwa na mpango. Nilitaka kusema kitabu cha maktaba kina ukurasa uliochanika. Niliufikisha mdomoni. Lakini vile vidole vilinishinda.

"Ni mimi, Daktari," nikasema. "Wao walisoma muhtasari wangu. Kuhesabu nilihesabu mimi, kwa kidole, mara mbili."

"Ulihesabu kwa nani?"

"Kwa Mzee Ezron."

"Mzee Ezron anaumwa nini?"

"Haumwi, Daktari. Ana bucha."

Alivua miwani. "Bucha ya nini?"

Nikamwambia. Leah alifumba macho na hakuyafumbua kwa muda mrefu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Daktari Tulinagwe akauliza pampu ilikuwa ya namna gani. Nikaeleza. Akauliza maji yalimiminwa upande upi wa moyo. Nikaeleza, nikachora, nikasimama kuonyesha kwa mikono. Akaacha kuandika.

"Vali umeielewa kuliko nilivyoifundisha," alisema mwishowe. "Kwenye mapafu umefaulu uganga wa mifugo."

Hatufukuzwi. Tunarudia anatomia Jumatatu, kila mtu na swali lake, kila mtu na kona yake.

Ijumaa, 15 Mei

Nimempelekea Leah kitabu. Alikifuta kwa kitambaa kwanza. Alisoma kwa saa tatu bila kunitazama, nami nimekaa ng'ambo ya meza, nikisubiri adhabu. Kuna mahali alisimamisha kidole kwenye mstari.

"Nikodemo, ulipoyajaza hewa, rangi ilianza kubadilika wapi? Pembeni au katikati?"

Nikamwambia ilianza juu, ikateremka. Akaandika pembeni mwa daftari.

"Na ile sauti?"

Nikajaribu kuiiga. Mkutubi akatuonya.

"Sijakusamehe," alisema Leah, akafunua ukurasa. Lakini alisogeza kitabu katikati ya meza, na tukasoma wote. Binadamu ana tatu kulia. Imeandikwa ukurasa wa tatu wa sura ya mapafu, kwa herufi nene.

Jumatano, 20 Mei

Matokeo ya anatomia. Leah themanini na tisa. Mhoja sitini na moja. Mimi hamsini na mbili, na hamsini ndiyo ya kufaulu. Huduma ya kwanza nimepata sapu, narudia wiki ijayo. Mama ameshawaambia wateja kwamba nimepewa mtihani wa ziada kwa sababu ya uwezo wangu.

Nimekaa nikafikiri nilipokosea, nimepaona. Nguruwe. Mnyama mdogo, amebanana, kila kitu kimejipanga ovyo. Muhula ujao ni mfumo wa chakula, kurasa sabini na tano. Nimemuuliza Mhoja, ambaye kwao Kamsamba wana ng'ombe wengi. Anasema kaka yake Sadock anachinja Jumamosi, kuna harusi. Nikamuuliza kama tumbo la ng'ombe linaonekana vizuri. Akasema ni kubwa mno, lina vyumba, nitahesabu mpaka nichoke. Alikuwa anacheka, sijui kwa nini.

Vyumba. Kitabu cha maktaba hakitaji vyumba hata mara moja, nimekipekua chote. Bila shaka wamefupisha.

Nimemwambia Leah kwamba safari hii nitamwekea nakala ya muhtasari. Amehamia meza nyingine.