Kamati Yangu ya Akina Mama Wajawazito

Jumatatu, 3 Juni 2013
Serikali imesema kujifungua ni bure. Akina mama watafurika! Ijumaa afisa wa afya anakuja kuchagua mratibu wa kituo chetu, hapa nje kidogo ya Eldoret. Nani kama mimi, Zachariah, karani wa mafaili miaka kumi na moja? Nimeunda kamati: mimi, chifu na pasta. Sista Nekesa akauliza, na manesi je? Nikamwambia kazi yao iko wodini. Akacheka. Amecheka nini huyu?

Jumanne, 4 Juni
Sista Nekesa na Sista Chepngetich huingia zamu pamoja tangu zile fujo za makabila baada ya uchaguzi, 2008. Manesi wawili, zamu moja! Nimewatenganisha. Chifu amesema nina kichwa. Nekesa amesema nitajionea. Hata mimi nina hamu ya kuona.

Jumatano, 5 Juni
Wodi tupu! Vitanda sita, hata mama mmoja hayuko. Nikajificha nyuma ya tangi la maji nichunguze. Mama mmoja, Kavetsa, mimba ya miezi tisa, alifika mlangoni, akamwona Chepngetich peke yake, akageuka. Nikamkimbilia. Akasema tangu nyumba yao ichomwe mwaka ule, hawezi kuzalia mahali asipomwona mtu wa kabila lake, kama Nekesa. Na majirani zake wa kabila lile lingine humtafuta Chepngetich vivyo hivyo. Kumbe! Ndiyo maana hukaa wawili. Mbona hawakuniambia?

Alhamisi, 6 Juni
Ratiba sibadilishi, nitaonekana mjinga. Nimetundika bango: KARIBUNI NYOTE. Limesomwa na mbuzi.
Jioni Kavetsa akaletwa hoi. Alijaribu kuzalia nyumbani, mtoto amekaa vibaya. Niliogopa, jamani! Nikatoka mbio kumwita Nekesa, nikakutana naye getini. Chepngetich alikuwa ameshampigia simu. Wakaingia wote wawili. Mtoto alipolia, na mimi nikalia, pasta, aliyekuja kumwombea, akiniangalia.

Ijumaa, 7 Juni
Afisa amekaa na manesi saa mbili nzima. Na mimi dakika tano! Ameamuru zamu irudi ilivyokuwa. Mratibu hatachaguliwa mpaka manesi wahusishwe katika mipango yote ya akina mama.

Jumamosi, 8 Juni
Agizo ni agizo. Asubuhi nimeunda kamati ndogo ya kuchunguza namna ya kuwahusisha manesi. Wanachama: mimi, chifu na pasta. Kikao kimekwenda vizuri ajabu. Hakuna hata mmoja aliyepinga.